Kiapo cha Kesi ya Mchezo

Mpaka leo sijaelewa kwa nini watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, waliketi ukumbini Makongeni mchana kutwa wakigombania baiskeli ambayo haikuwapo. Niliuliza kabla, nikauliza siku yenyewe, na baadaye nimeuliza tena. Kila mtu hunijibu kwa ule upole wa kumweleza mtoto mdogo: "Muhiba, ilikuwa kesi ya mchezo." Haya, mchezo. Mchezo gani unaletewa hakimu wa kweli kutoka mjini, na gari lake likaegeshwa nje likilindwa na askari?

Aliyenitia humo ni Hamidi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimlea mimi hapa Majengo, kwa cherehani yangu na kwa ukali wangu, na kama ana adabu yoyote ilitoka kwenye hivyo viwili. Alipopata ukarani wa reli akapewa chumba Makongeni, nikadhani nimepumzika. Kumbe wapi. Akaingia darasa la sheria la jioni, yeye na makarani wenzake, wakawa wanasoma vitabu vinene kama matofali. Akija kwangu kula siku ya Ijumaa haombi tena chumvi. Ananiuliza nina ushahidi gani kwamba mchuzi umetiwa chumvi.

Darasa lile lilianzishwa na Wakili Jamaludin, Muhindi wa River Road, Mungu amrehemu. Huyo hukuhitaji kusoma ndipo umjue. Kuanzia Pumwani mpaka Kaloleni alijulikana, kwa sababu watu wetu wakikamatwa yeye ndiye aliyekuwa akisimama kortini kuwatetea. Walisema alikuwa akimgeuza shahidi kama chapati, upande huu na upande huu, mpaka aive. Alipofariki, mwenzake wa ofisini akatangaza mashindano ya kumkumbuka. Wanafunzi wawili bora wa darasa watapambana katika kesi ya kuigiza, mmoja ashtaki, mwingine atetee. Atakayeshinda atachukuliwa katika ofisi ya marehemu, kisha apelekwe Uingereza akasomee uwakili. Hamidi akachaguliwa kushtaki. Wa kutetea alikuwa Nahashon, kijana wa Kijaluo, mpole, anayefunga tai hata akienda kuteka maji.

Sasa kuna mtu mmoja ni lazima nimtaje mapema, kwa sababu katika habari hii yote hofu yangu ni yeye. Kwangu nilikuwa nikiishi na mwanamke aliyeitwa Mwanasiti. Buibui analo, mtandio anao, na akisalimia utadhani amezaliwa Mji wa Kale Mombasa. Lakini jina alilopewa na mama yake ni Kezia, na kabila lake Mkikuyu. Tulikuwa majirani, mlango kwa mlango, yeye akiuza maharagwe Gikomba. Siku ya ule msako mkubwa, askari walipozunguka mitaa kuwazoa Wakikuyu na kuwapakia kwenye malori, nilimvisha buibui langu, nikasimama mlangoni nikawaambia: huyu ni dada yangu Mwanasiti, kaja kutoka pwani, ana homa kali, msimsogelee. Bunduki ilikuwa hapa, kifuani pangu. Wakaniangalia, wakaenda zao.

Kezia akabaki na jina lile, na tukafika mwaka wa hamsini na saba yeye bado ni Mwanasiti. Hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali kwa sababu ya wapiganaji wa Kikuyu wa msituni, ilikuwa haijaondolewa. Angejulikana, ni kizuizini yeye, na mimi nyuma yake kwa kumficha. Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulinyamaza. Sisi wa Majengo tuna midomo mirefu kwa ndoa za watu, lakini kwa mambo ya serikali tu mabubu. Na Hamidi alijua kuliko wote, maana siku ile alikuwapo. Ndiye aliyemfunga mtandio.

Basi Hamidi akaja, "Shangazi, nataka uwe shahidi wangu mkuu."

"Shahidi wa nini?"

"Wa kwamba ulimwona Okoth akiiba baiskeli ya mwalimu."

"Mimi sijamwona Okoth akiiba chochote. Unataka mkewe anipige?"

"Ndiyo maana ni mchezo, shangazi. Okoth mwenyewe amekubali kuwa mshtakiwa."

Okoth alikuwa mtia makaa kwenye gari la moshi, pande la mtu, na kweli alikuwa amekubali, tena kwa furaha, kama aliyepewa cheo. Nikaona ikiwa mwizi mwenyewe hana neno, mimi ni nani? Nikajifunza maneno yangu huku nashona. Kezia akawa ananisaidia, anajifanya Okoth, anapanda mwiko anauendesha chumbani kama baiskeli na kuangalia nyuma kwa wizi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimpenda mwanamke yule. Nalisema hivi hivi lilivyo, nisije nikaulizwa.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, Majengo upande mmoja na watu wa reli upande wa pili. Picha ya marehemu Jamaludin ilitundikwa mbele, imevishwa maua. Hakimu, Mzungu mnene mwekundu wa shingo, aliketi kwenye meza ndefu. Mlangoni walisimama askari wawili. Mmoja nikaambiwa ni wa kweli na mwingine ni wa mchezo, kaazima tu sare, na mpaka tunatoka sikujua yupi ni yupi. Kezia aliketi benchi la tatu na wanawake wenzangu, ndani ya buibui lake.

Yule mwenzake Jamaludin wa ofisini akatoa hotuba. Akasema Jamaludin alikuwa hamwogopi shahidi yeyote, hata shahidi wake mwenyewe. Shahidi wake akimgeuka, alimshika palepale na kumvua nguo mbele ya korti. Watu wakapiga makofi. Nilimwona Hamidi akiinamisha kichwa kama mtu anayeomba dua.

Nikaitwa. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, tena kwa nia njema. Mezani palikuwa na Biblia peke yake. Nilipokuwa nikijifunza maneno hapakuwa na habari za kiapo, na Hamidi asubuhi alininong'oneza niguse Biblia tu, hamna neno. Lakini Mzee Faki, mwalimu wa chuo pale msikitini, akasimama katikati ya watu. Akasema ni aibu Wakristo waapishwe kwa kitabu chao na mwanamke wa Kiislamu apapase kitabu kisicho chake, tena mbele ya Mzungu, kana kwamba sisi hatuna chetu. Akatoa Msahafu uliofungwa kitambaa cha kijani. Alikuwa amekuja nao makusudi, maskini, kutulindia heshima. Majengo nzima ikashangilia.

Mimi nikasema, "Ngoja kwanza. Sina udhu."

Hakimu akauliza nimesema nini. Akaelezwa udhu ni nini. Akaangalia saa yake. Nikatoka nje kwenye bomba, nikatawadha taratibu kama inavyotakiwa, korti yote ikinisubiri. Niliporudi, mikono ingali na maji, Mzee Faki akanifunulia Msahafu, nikaweka kiganja, akanitamkisha: wallahi, billahi, tallahi, nitasema ukweli, ukweli wote, na ukweli mtupu.

Nikaapa. Na nilipokwisha kuapa nikagundua kwamba sijui tena niko wapi. Baiskeli ya mchezo, mwizi wa mchezo, askari nusu wa mchezo, lakini Msahafu ule ni wa kweli na udhu wangu ni wa kweli. Sasa mimi nifuate upi?

Hamidi akaja mbele, koti limenyooka, sauti imenyooka. "Shahidi, jioni ya wizi ulikuwa wapi?"

"Wizi upi?"

Watu wakacheka. Hamidi akatabasamu kidogo. "Wizi wa baiskeli ya mwalimu."

Nikautazama mkono wangu. "Sijui, mwanangu. Mimi sikuona baiskeli."

"Mtazame mshtakiwa. Unamjua?"

"Namjua. Okoth wa reli, mume wa Apondi. Nilimshonea suruali."

"Ulimwona akichukua nini?"

"Nilimwona akichukua suruali."

"Na imenibana kwa kiuno, mama!" Okoth akapaza sauti kutoka kizimbani, na ukumbi ukaangua kicheko hata hakimu akagonga meza.

Hamidi akanisogelea karibu, akanong'ona, "Shangazi, unafanya nini?"

"Nimeapa, Hamidi."

"Ni mchezo!"

"Msahafu si mchezo. Muulize Mzee Faki."

Nahashon akasimama, tai yake shingoni, akaiomba korti ifute kesi kwa sababu mashtaka hayana shahidi. Nikauona uso wa Hamidi. Nilikuwa nimeuona uso ule mara moja tu, siku tulipomzika baba yake. Roho iliniuma, jamani. Nilijua ni Uingereza inayomponyoka pale, na anayemponyosha ni mimi. Nikafungua mdomo niseme basi nilimwona, nilimwona Okoth, alikuwa na baiskeli, ilikuwa nyeusi. Maneno yakakataa kutoka.

Hamidi akageuka akaiangalia picha ya marehemu. Kisha akamwambia hakimu kwamba shahidi wake amemgeuka, na anaomba ruhusa amhoji kama shahidi wa upande wa adui. Yule mwenzake Jamaludin akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Hakimu akatoa ruhusa.

"Shahidi," Hamidi akasema, na sauti yake haikuwa ya mtoto niliyemlea, "wewe husema ukweli siku zote?"

"Najitahidi."

"Hujapata kusema uongo mbele ya askari wa serikali?"

Nikadhani ulimi umemteleza. Nikamkazia macho nimpe nafasi ya kuurudisha. Benchi la tatu halikutikisika.

"Jibu, shahidi. Umeapa."

"Nimepata," nikasema.

"Lini?"

"Siku ya msako."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia mwanamke aliyekuwa chumbani mwangu ni dada yangu."

"Na hakuwa dada yako."

"Hakuwa."

Hamidi akamgeukia hakimu. Akasema korti imesikia yenyewe kwamba shahidi huyu akimhurumia mtu humficha, hata kwa askari, na leo anamhurumia Okoth. Ilikuwa hila nzuri sana, hata mimi niliyechunwa ngozi niliielewa. Nahashon akaketi. Watu wa reli wakapiga miguu sakafuni. Lau mambo yangeishia hapo, ningemzaba Hamidi kofi nyumbani, tukala, tukalala.

Lakini hakimu aliinama mbele, viwiko mezani, kama mtu anayesikiliza hadithi tamu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kizungu. "Ngoja kidogo. Mama, ile bibi kwa nyumba yako ilikuwa nani?"

Hamidi akageuka haraka. "Bwana hakimu, swali hilo halihusu..."

"Nyamaza wewe. Mama nasema."

Neno lilikuwa moja tu. Dada. Nililisema mbele ya bunduki bila kupepesa jicho. Lakini siku ile sikuwa nimeweka mkono popote. Mzee Faki alikuwa mbele yangu ameukumbatia Msahafu, ananitazama kwa fahari, na mimi kichwani mwangu hakuna kitu ila ukweli wote, ukweli mtupu, ukweli wote. Sijui kama pana ruhusa ya kukivunja kiapo cha namna ile. Pengine ipo. Hakuna aliyenifundisha, na pale hapakuwa na nafasi ya kuuliza.

"Alikuwa Mkikuyu, bwana," nikasema. "Jirani yangu."

Hakimu akazidi kuinama mbele.

"Na sasa hii bibi iko wapi?"

Hamidi alinitazama. Alikuwa akitikisa kichwa, kidogo kidogo, kama mtu anayetetemeka kwa baridi.

"Yuko hapa, bwana. Humu ukumbini."

Hakimu akanitazama. Akamtazama Hamidi, akaitazama picha yenye maua, akawatazama watu. Halafu akajitupa nyuma kwenye kiti akacheka. Alicheka mpaka shingo ikageuka rangi. Akanyoosha kalamu kwa Okoth. "Nani? Hii?" Akanyoosha kwa Nahashon. "Ama hii na tai? Maridadi sana! Mama hii nashinda sinema!"

Majengo ikacheka. Wallahi sijasikia watu wakicheka namna ile. Walijipiga mapaja, walishikana mabega, waliangukiana, na machoni hamna kicheko hata chembe. Watu wa reli wakafuata kwa sababu wenzao wanacheka. Askari wa mlangoni wakacheka wote wawili. Tusiocheka tulikuwa Hamidi, mimi, na mmoja benchi la tatu.

Yaliyofuata sikuyasikia vizuri. Okoth alipatikana na hatia akahukumiwa miezi sita, na nikamsikia akimwuliza Nahashon, "Sasa Jumatatu mimi naenda job ama naenda jela?" Nahashon akamwambia aende kazini. Okoth akauliza mara ya pili kuhakikisha. Hamidi akaitwa mbele akapewa kombe la fedha, na yule mwenzake Jamaludin akamshika mkono akisema hajaona shahidi akigeuzwa vile tangu Jamaludin azikwe. Wakanipigia na mimi makofi, wakasema nimeigiza kuliko wote. Mzaha mzaha hutumbua usaha, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikimjibu aache uzee.

Nikaangalia benchi la tatu. Nafasi ya Kezia ilikuwa tupu.

Nilirudi kwa miguu, nikikata njia kupitia Shauri Moyo, nusu nakimbia. Nilimkuta chumbani. Buibui lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kitanda, na mtandio juu yake. Alikuwa amevaa gauni lake la zamani la maua, lile la Gikomba, ambalo sikujua kama bado analo. Lilikuwa limembana mabegani. Alikuwa akifunga kibunda.

"Kezia," nikamwambia, "hawakuamini! Hukuwaona walivyocheka? Hakuna aliyejua."

"Niliwaona."

"Basi kuna nini?"

Akaendelea kufunga. "Mzungu alikuuliza niko wapi, ukamwambia."

"Nilikuwa nimeapa."

"Siku ya malori walikuwekea bunduki hapa, ukasema mimi ni dada yako. Leo hakukuwa na bunduki. Kulikuwa na baiskeli ya uongo." Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika, kwa sababu hasira za mtu najua kuzijibu. "Sikulaumu, dada. Hata sijui kama kuna wa kulaumiwa. Nimekaa hapa nikifikiri, na sijui. Najua tu kwamba usiku wa leo nikilala hapa nitakuwa nakusikiliza unavyopumua."

Nikalia. Nikamwambia kwamba ni Hamidi, kwamba ni Mzee Faki na kitambaa chake cha kijani, kwamba ni yule Mzungu mdaku. Nikamwambia nilikuwa na udhu, ningefanyaje na udhu wangu. Kila nililosema lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kitu. Akanishika bega kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Mlango ukafunguliwa. Hamidi, kombe kwapani, koti limelowa jasho. "Shangazi, nilijua watadhani ni mchezo," akasema akihema. "Nilijua. Lile swali la hakimu tu ndilo sikulijua." Kisha akamwona Kezia katika gauni lile, hana kitu kichwani. Kezia akamwambia hongera. Hakulisema kwa kejeli. Alikuwa akimpenda Hamidi na alitaka aende Uingereza.

Akachukua kibunda chake. Nikamshika mkono mlangoni.

"Unakwenda wapi? Niambie angalau ni wapi, nikujie, nikuletee chochote."

Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo ninayoiota.

"Nisikwambie, dada," akasema. "Utaulizwa."

Hamidi akajibana ukutani na kombe lake ili Kezia apite.